Shanga zinazovimba tumboni, na mchezo salama wa nyua za Pundanhar

JUA likianza kupungua makali huko Pundanhar, mchezo wa watoto huanza bila kununuliwa. Mmoja huchota mchanga kwa kifuu cha nazi na kuumimina kwenye kopo. Mwingine hufinyanga udongo wa kichuguu hadi upate magurudumu manne na kuitwa gari. Aliye mdogo kuliko wote hupiga maji ya beseni kwa viganja vyake, akicheka kila yanapomrukia usoni, huku mama akitwanga na kumtupia jicho.

Pundanhar ni makao ya tarafa katika wilaya ya Palma, kaskazini kabisa mwa mkoa wa Cabo Delgado, Msumbiji. Iko upande wa bara, kwenye njia inayotoka mji wa pwani wa Palma kwenda Nangade, na mto Ruvuma na mpaka wa Tanzania haviko mbali nayo. Katika eneo hili husikika Kimakwe, Kimakonde na Kimwani, na Kiswahili hueleweka na wengi kwa sababu ya biashara na undugu wa ng'ambo ya mto.

Mchezo huo wa mchanga, udongo na maji una jina katika vitabu vya malezi: mchezo wa milango ya fahamu. Ni mchezo unaompa mtoto nafasi ya kugusa, kuona, kunusa na kusikia, na kwa njia hiyo akaujua ulimwengu kabla hajajua kuusimulia. Katika miaka ya karibuni mchezo huo umepata bidhaa yake ya dukani. Ni vipunje vya rangi ambavyo, vikitiwa majini, huvimba na kuwa vigololi laini vinavyong'aa na kuteleza mkononi. Wengine huviita shanga za maji, wengine lulu za maji. Picha zake hupita kwenye simu kila siku, zikionyesha mtoto aliyezamisha mikono katika beseni lililojaa rangi.

Mzazi anayeiona picha hiyo hupenda naye mwanawe apate. Ni pendo lisilo na kosa. Lakini kipunje hicho kimeshapeleka watoto wengi kwenye chumba cha upasuaji, na kwa familia iliyo mbali na hospitali kubwa, ni kitu cha kukataliwa mlangoni.

Kunde za usiku mmoja

Anayetaka kuelewa hatari yake haihitaji maabara. Kila mama aliyewahi kuloweka kunde anajua kwamba zile alizoziacha usiku zikifunika chini ya sufuria, asubuhi huzikuta zimepanda. Kunde huongezeka kama mara 2, kisha huacha. Shanga ya maji haiachi mapema hivyo. Imetengenezwa kwa polima inayonyonya maji, yaani minyororo mirefu ya kemikali iliyofungana kama wavu wa mvuvi. Maji huingia katika matundu ya wavu huo na kubaki humo, nao wavu hutanuka bila kukatika. Ndiyo maana shanga haiyeyuki kama sukari wala haisagiki kama chakula.

Kipunje kikavu chenye upana wa milimita 3, kikifikia milimita 15, kinakuwa kimeongezeka upana mara 5. Ukikokotoa ujazo wake, kimekua mara 125. Na ziko shanga zinazouzwa kwa makusudi ya kuwa kubwa zaidi, ambazo hufikia ukubwa wa yai.

Polima za aina hii hazikubuniwa kwa ajili ya watoto. Watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walikuwa miongoni mwa waanzilishi wake katika miaka ya 1960 na 1970, wakitafuta namna ya kuufanya udongo ushike maji. Baadaye zikaingia kwenye nepi, ambako hunyonya mkojo, na kwenye vyombo vya maua ya mapambo, ambako hushika maji na kupendeza macho. Ndipo zikahamia kwenye rafu za vitu vya kuchezea, na hata kwenye bunduki za plastiki zinazorusha vigololi vya jeli.

Tatizo ni kwamba shanga haijui tofauti ya beseni na tumbo. Mtoto akimeza kipunje kikavu, au kilichovimba nusu, kitaendelea kunyonya maji njiani. Kikifika kwenye utumbo mwembamba wa mtoto mchanga, kinaweza kukua hadi kuziba njia. Chakula hakipiti, maji hayapiti, na utumbo wenyewe huanza kuumia. Mara nyingi dawa yake inakuwa kisu cha daktari.

Kuna jambo jingine linalowatatiza hata madaktari. Shanga hizi hazionekani kwenye picha ya kawaida ya eksirei, kwa sababu sehemu kubwa yake ni maji. Sarafu iliyomezwa huonekana, betri huonekana, lakini shanga hujificha. Mashine ya altrasaundi inaweza kuionyesha, endapo ipo na endapo daktari ameambiwa anatafuta nini. Mtoto wa miezi 9 hawezi kusema alichomeza.

Walikojifunza kwa machungu

Marekani, ambako bidhaa hii ilienea sana, somo lilikuja kwa watoto kuumia. Mwaka 2012 madaktari wa Texas waliandika kuhusu mtoto wa miezi 8 aliyefanyiwa upasuaji baada ya kumeza mpira wa aina hiyo, na Desemba mwaka huohuo bidhaa iliyohusika ikaondolewa sokoni. Hata hivyo bidhaa nyingine za namna hiyo ziliendelea kuuzwa.

Tume ya Usalama wa Bidhaa kwa Watumiaji ya nchi hiyo, CPSC, ilikadiria kwamba kati ya mwaka 2016 na 2022 watu wapatao 7,800 walifikishwa vyumba vya dharura kwa majeraha yanayohusiana na shanga za maji. Julai 2023 mtoto wa miezi 10 alifariki dunia katika jimbo la Wisconsin baada ya kumeza shanga hizo. Septemba 2023 kampuni ya Buffalo Games iliondoa sokoni seti zake za Chuckle & Roar zipatazo 52,000. Kufikia Desemba mwaka huo, Amazon, Walmart na Target zilikuwa zimetangaza kuacha kuuza shanga za maji zinazolengwa kwa watoto. Mwaka 2024 tume hiyo ilitoa pia onyo kuhusu baadhi ya chapa zilizokutwa na akrilamidi, kemikali yenye sumu.

Yafaa kuangalia watoto hao walikuwa wa umri gani. Wengi walioumia vibaya hawakuwa wale walionunuliwa mchezo. Walikuwa wadogo zao. Kaka wa miaka 5 au 6 anacheza, shanga 2 zinaruka sakafuni na kujificha chini ya kitanda, na baada ya wiki moja mdogo anayetambaa anaziokota. Mzazi anakuwa ameshasahau kwamba nyumbani kulikuwa na shanga.

Katika nyumba yenye sakafu ya vigae, kuokota maelfu ya vipunje vinavyodunda ni kazi ngumu. Katika ua wa mchanga wa Pundanhar ni kazi isiyowezekana. Kipunje kikavu, chenye ukubwa wa punje ya mtama, kikianguka mchangani kimepotea kwa mtu mzima. Kwa mtoto anayetambaa, pua yake ikiwa karibu na ardhi, bado kinaonekana.

Safari ya hospitali

Hoja kubwa zaidi ni umbali. Mtoto aliyezibwa utumbo anahitaji daktari wa upasuaji, mtaalamu wa usingizi, damu ya akiba na wodi ya uangalizi. Hospitali ya Mkoa wa Cabo Delgado iko Pemba, mamia ya kilomita kusini mwa Palma. Ng'ambo ya Ruvuma kuna hospitali za Mtwara, lakini kuzifikia ni kuvuka mto na mpaka. Saa ambazo mzazi wa mjini huzitumia kusubiri kwenye foleni, mzazi wa Pundanhar huzitumia kutafuta usafiri.

Barabara zenyewe zina historia yake. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017 vilienea katika wilaya za kaskazini. Machi 24, 2021 mji wa Palma ulishambuliwa, na makumi ya maelfu ya watu wakakimbia kwa miguu, kwa mashua na kwa magari. Njia ya Palma, Pundanhar na Nangade ilikuwa miongoni mwa zilizoguswa na mashambulizi. Vikosi vya Rwanda viliingia Julai 2021, mwezi ambao pia ujumbe wa kijeshi wa nchi za SADC ulianza kazi, Tanzania ikiwa mmoja wa washiriki. Tangu mwaka 2022 familia nyingi zimekuwa zikirejea wilayani Palma, kujenga upya nyumba na kulima upya mihogo.

Familia iliyotoka katika hali hiyo inajua thamani ya mtoto kucheza. Mashirika yanayohudumia wakimbizi wa ndani, UNICEF ikiwamo, yamekuwa yakiweka maeneo rafiki kwa watoto katika Cabo Delgado, kwa sababu mtoto aliyeona makubwa huanza kupona anapopata mahali pa kuchora, kuruka na kushika vitu kwa utulivu. Kumimina maji kutoka kopo hadi kopo, mara 20, kunaweza kumtuliza mtoto ambaye maneno hayawezi kumfikia. Kwa hiyo jibu la hatari ya shanga haliwezi kuwa kumnyima mtoto mchezo wa hisia. Anauhitaji pengine kuliko mwenzake wa mjini.

Mkono hufundisha kichwa

Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyeishi kati ya mwaka 1896 na 1980, alieleza kwamba katika miaka 2 ya mwanzo mtoto hufikiri kwa kugusa na kutenda. Bibi wa Kimakonde au wa Kimwani hakumsoma Piaget, lakini anajua kwamba mtoto mwenye afya hukamata kila kitu na kukipeleka mdomoni. Kwa umri huo, mdomo ni mkono wa tatu.

Mtoto anapojaza kifuu mchanga na kukimwaga, anajifunza uzito, ujazo, na kwamba kitu kilichojaa kinaweza kuwa kitupu. Anapobonyeza udongo, misuli midogo ya vidole inapata nguvu zile zitakazoshika kalamu baadaye. Mama anapomwambia "hii baridi, hii moto, hii laini, hii ya kuparuza", anamlimbikizia maneno. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachohitaji shanga ya kiwandani.

Pwani ya Waswahili ina ushahidi wake. Katika miaka ya 1980, jamii za Kiislamu za Mombasa ziliomba msaada wa Mtandao wa Maendeleo wa Aga Khan ili watoto wao wapate msingi mzuri wa elimu bila kuacha mafunzo ya dini. Ukazaliwa mpango wa shule za awali za madrasa, ambao Bi Swafiya Said alikuwa mwalimu wake wa mwanzo na nguzo yake. Mpango huo ulienea Zanzibar na Uganda katika miaka ya 1990. Walimu wake, wengi wao wanawake wa mitaa ileile, walifunzwa kutengeneza vifaa vya kufundishia kwa vitu vya karibu na vya bei ndogo, badala ya kusubiri makasha kutoka nje.

Msumbiji nayo ina escolinha, shule ndogo za awali za kijamii. Katika mkoa wa Gaza, utafiti wa Benki ya Dunia uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu escolinha zilizoendeshwa na Save the Children ulionyesha kwamba watoto waliopitia humo walikuwa na nafasi kubwa zaidi, kwa takribani asilimia 24, ya kuandikishwa shule ya msingi. Na katika vituo kadhaa vya afya nchini humo, shirika la PATH lilishirikiana na serikali kuweka masanduku ya vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa mali za hapahapa, ili mama anayesubiri kliniki acheze na mwanawe na kuelekezwa namna ya kuendelea nyumbani. Tanzania, kwa upande wake, Desemba 2021 ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, na mchezo una nafasi yake humo.

Vilivyopo uani

Kipimo cha kwanza ni mdomo. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 3, kisitolewe kitu chochote kidogo kuliko yai la kuku. Kitu cha ukubwa huo hakimezeki kwa urahisi, na mzazi hana haja ya rula kukipima.

Mtoto wa miezi 6 hadi mwaka 1 anatosheka na kipande cha kapulana safi, kijiko kikubwa cha mti, kifuu kilichosuguliwa kingo zikawa laini, na kopo la plastiki lisilo na ncha kali. Vipangwe mbele yake kwenye mkeka na aachwe achague. Chupa ya plastiki yenye mahindi machache ndani humpa sauti, mradi kifuniko kimekazwa na kufungwa kwa kitambaa asiweze kukifungua.

Kuanzia mwaka 1 hadi 3 ndio umri wa maji na udongo. Beseni lenye maji kina cha vidole 2, kopo na kata vinatosha kwa nusu saa. Udongo wa mfinyanzi, ule ambao wanawake wa Kimakonde huutumia kufinyanga vyungu, ni laini, unabonyezeka na hauna gharama. Vitabu vya malezi vya nchi za nje hupendekeza kukanda unga na chumvi, lakini mahali ambapo unga ni chakula cha jioni, udongo ni chaguo la heshima zaidi.

Kinachowavutia wengi kwenye shanga za maji ni rangi na mng'ao. Hivyo navyo hupatikana. Chukua chupa angavu, itie maji nusu, weka maua ya choya yaliyochemshwa yatoe wekundu au manjano ya jikoni itoe njano, kisha ongeza mafuta kidogo ya kula na ufunge kwa nguvu. Mtoto akiigeuza, matone hupanda na kushuka polepole. Anaona, anapima uzito, anasubiri, na hakuna kinachotoka kwenda mdomoni.

Aliyevuka miaka 3 anaweza kuchambua mbegu chini ya macho ya mkubwa: mahindi huku, kunde kule, maharage pale. Anaweza kuhesabu kete za komwe kama wazee wanaocheza bao. Mdogo wake awe amebebwa mgongoni wakati huo, na mbegu zihesabiwe kabla na baada. Kunde kavu ikiingia puani au sikioni nayo huvimba, ingawa si kwa kiwango cha shanga.

Wapo wanaopendekeza punje za wanga zinazochemshwa zikawa laini na angavu, zifanane na shanga za maji huku zikilika. Punje hizo hutengenezwa kwa wanga wa muhogo, zao ambalo Pundanhar hulima. Hata hivyo zinaweza kumpalia mtoto mdogo, kwa hiyo nazo ni za wakubwa kidogo.

Vya asili navyo vina hatari

Kusema kitu ni cha asili hakumaanishi ni salama, na wenyeji wanalijua hilo. Ganda la korosho mbichi lina mafuta yanayounguza ngozi, hivyo halifai kuwa kifaa cha kuchezea hata likionekana zuri. Zile mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi, ambazo wengi huzitunga kama shanga, zina sumu kali zikitafunwa. Mbegu za mbarika nazo vilevile.

Maji ya mchezo yatoke kisimani au bombani. Maji ya madimbwi huleta kichocho. Beseni limwagwe mara mchezo unapokwisha, kwa sababu mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji ya kina cha vidole vichache, kimya kimya, mama akiwa amegeuka kukoleza moto. Baada ya udongo, mikono ioshwe kwa sabuni au majivu ili kuepusha minyoo.

Na nepi ya dukani ikipasuka, isiachwe chini. Chembe zilizomo ndani yake ni za jamii ileile ya polima inayonyonya maji.

Akimeza, fanya nini?

Mtoto akionekana amemeza shanga ya maji, au ikishukiwa tu, asisubiriwe aonyeshe dalili. Dalili huchelewa, kwa sababu shanga huchukua saa kadhaa kuvimba. Zinapofika huwa ni kutapika, kukataa kula au kunyonya, kutokwa na mate, tumbo kuuma au kujaa, kukosa choo na kulegea. Dalili hizo hufanana na za malaria na za magonjwa ya tumbo, na mtoto anaweza kutibiwa ugonjwa ambao hana.

Mpeleke kituo cha afya mara moja na useme waziwazi: huenda amemeza shanga inayovimba. Chukua pakiti yake, au shanga nyingine kama hiyo, ili mhudumu aione. Usimtapishe. Usimpe dawa ya kuharisha wala ya kienyeji kwa matumaini kwamba itaisukuma. Ikiwa imeingia sikioni, usitie maji, mafuta wala dawa ya matone, kwa sababu majimaji huikuza na kuifanya ibane zaidi. Ikiwa puani, usiichokonoe.

Iwapo shanga zimeshafika nyumbani kama zawadi, zifungwe kwenye mfuko, zitupwe mahali ambapo mtoto hafiki, kisha sakafu na ua vifagiliwe. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Methali hiyo ilikusudiwa mtoto mkaidi aliyekataa kusikia, naye atajifunza kwa kidonda cha kidole. Kidonda cha utumbo hakimwachi mtoto na somo.

Onyo livuke Ruvuma

Bidhaa ndogo na nyepesi husafiri kirahisi. Pakiti ya shanga kavu huingia mfuko wa shati. Inaweza kutoka Mtwara ikapita Kilambo, ikavuka hadi Namoto na kufika Palma pamoja na sabuni na betri za tochi, maandishi yake yakiwa Kichina au Kiingereza. Mama anayeinunua anaona rangi. Onyo hata likiwepo, haliwezi kumsaidia kwa lugha asiyoisoma.

Hapa ndipo ujirani unapaswa kufanya kazi. Tanzania na Msumbiji zote ni wanachama wa SADC, jumuiya ambayo Agosti 2019, katika mkutano wake wa Dar es Salaam, ilikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na taasisi ya viwango ya Msumbiji, INNOQ, zina mamlaka juu ya kinachoingia sokoni, na Kenya ina KEBS. Onyo moja la Kiswahili, Kireno na lugha za wenyeji, likibandikwa kwenye vivuko, zahanati na escolinha, lingefika mahali ambapo matangazo ya Washington hayafiki. Mfanyabiashara mdogo wa mpakani naye akielezwa, anaweza kuamua kutobeba pakiti hiyo, kwani ana watoto kama wengine.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unatambua katika kifungu cha 31 haki ya mtoto kucheza. Kwa Pundanhar haki hiyo inaanza na vitu vinavyoonekana: ardhi isiyotisha, maji safi, na mtu mzima aliye karibu. Kifuu, udongo na beseni vipo tayari. Mchezo ukiisha maji humwagwa kwenye shina la mpapai, kifuu husuuzwa na kuanikwa, na watoto huitwa mmoja mmoja kwa majina kuja kunawa mikono kabla ya chakula.